Kuhama jimbo ukiwa muuguzi mzoefu: kutoka Texas kwenda Washington au California

Dada, umesema una leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ya Texas, miaka 9 kati ya wodi ya upasuaji na ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), stashahada ya uuguzi uliyosomea Kenya, na familia inapima kati ya Washington na California. Umeuliza kama uzoefu wako utaharakisha leseni. Kwa mwajiri utakubeba sana. Kwa bodi ya uuguzi hautapunguza hata siku moja, kwa sababu bodi haiangalii ulivyo hodari wodini, inaangalia karatasi. Na kwa aliyesomea nyumbani Kenya, karatasi inayochelewa karibu kila mara ni ya chuo. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi, wala usilipe amana ya nyumba, kabla hujajua leseni yako iko wapi. Mtihani wa leseni, NCLEX, haurudiwi kokote uendako, hilo liondoe kwenye hofu.

Washington ndiyo rahisi, tuimalize. Texas na Washington zote zimo katika mkataba wa leseni za wauguzi, NLC, kwa hiyo leseni ya Texas ya majimbo mengi inakuruhusu kuanza kazi Washington. Lakini hakikisha kweli ni ya majimbo mengi. Ingia Nursys, tovuti ya kumbukumbu za leseni za wauguzi, sehemu ya Quick Confirm ambayo ni bure, tafuta jina lako usome aina ya leseni. Wenzetu wengi waliosomea nje walipewa ya jimbo moja kwa sababu walipoomba hawakuwa na namba ya Social Security au uthibitisho wa makazi, na wamekaa miaka bila kugundua. Ukiwa na hiyo ya jimbo moja, huruhusiwi kugusa mgonjwa Washington mpaka upate leseni ya huko.

Ikiwa ni ya majimbo mengi, ukihamisha makazi una siku 60 za kuomba leseni ya Washington. Kanuni hiyo inatumika tangu Januari 2024. Siku zinahesabiwa tangu ulipohama, si tangu ulipoanza kazi. Unaendelea kufanya kazi kwa ile ya Texas mpaka mpya itoke, na mpya ikitoka ya Texas inafungwa. Makazi hayapimwi kwa mahali unapolala, yanapimwa kwa hati: leseni ya udereva, marejesho ya kodi ya serikali kuu, W-2 (hati ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka). Anayekwenda kwa mkataba wa wiki 13 tu, familia na nyumba vikabaki Texas, asibadilishe leseni ya udereva, kwani makazi yake hayajahama. Washington pia wanadai mafunzo ya saa 6 ya kuzuia kujiua, mara moja tu. Yafanye mapema.

California ni habari nyingine, na hapo ndipo ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Haimo kwenye NLC. Unaomba kwa endosmenti, yaani kwa msingi wa leseni uliyonayo, na leseni lazima itoke kabla ya zamu ya kwanza. Ukishahamia huko, leseni yako ya Texas inageuka kuwa ya jimbo moja, na bodi ya Texas unatakiwa kuiarifu. Uthibitisho wa leseni unatumwa kupitia Nursys kwa dola 30 kwa kila leseni, na hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Kazi ngumu ni masomo. Mwenzako aliyesomea Houston anatumiwa nakala ya alama na chuo chake, yamekwisha. Wewe bodi ya California itataka chuo chako cha Kenya kitume moja kwa moja nakala ya alama, pamoja na fomu ya mchanganuo wa masomo inayoonyesha saa za darasani na saa za wodini kwa kila somo. Usidhani ripoti ya CGFNS, shirika linalokagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje, uliyotumia Texas itaziba pengo hilo. Nakala uliyonayo kabatini nayo haikubaliki, hata ikiwa na muhuri, kwa sababu imepita mikononi mwako.

Wanachosaka kwenye mchanganuo huo ni kama nadharia na vitendo vilikwenda pamoja katika kila eneo: magonjwa ya watu wazima na upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili, na wazee. Vyuo vyetu vingi hufundisha kwa bloku, darasa kwanza, wodi baadaye. Fomu ikionyesha nadharia ya watoto ilikuwa mwaka wa pili na wodi ya watoto ikaja mwaka wa tatu, bodi inaweza kusema umepungukiwa katika somo hilo, na ikakudai ulirudie katika chuo kinachotambuliwa California. Inauma kuambiwa hivyo baada ya miaka 9 kitandani kwa mgonjwa, lakini ndiyo kanuni yao. Eneo la pili la hatari ni afya ya akili, ambako saa za vitendo mara nyingi zimeandikwa kwa jumla tu, "majuma manne", bila saa wala tarehe.

Kwa hiyo usiitume fomu chuoni ikiwa tupu. Mtafute ndugu au rafiki aliye karibu na chuo, aende kwa msajili akiwa na barua yako ya idhini, nakala ya kitambulisho, namba yako ya usajili chuoni na mwaka uliomaliza. Aombe fomu ijazwe kutoka kwenye ratiba halisi ya darasa lako, ikiwa na tarehe za kuanza na kumaliza za kila bloku na kila wodi. Mara nyingi ndani ya bloku kulikuwa na siku za wodini ambazo karani haandiki mpaka aulizwe. Zikiwepo kwenye kumbukumbu, ziandikwe. Zisipokuwepo, zisibuniwe, kwa maana fomu ya uongo inafunga mlango moja kwa moja. Bahasha ifungwe na chuo, ipigwe muhuri kwenye mkunjo, itumwe kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Tenga miezi 4 hadi 6 kwa California, na anza na chuo kabla ya kitu kingine chochote.

Ipo leseni ya muda ya California. Usipange maisha juu yake. Haitoki kabla alama za vidole hazijarudi safi.

Kuhusu alama za vidole, wauguzi tunapata tabu kuliko watu wengine. Kunawa mara kadhaa kila zamu na jeli ya spiriti hulainisha mistari ya vidole mpaka mashine haiisomi. Wiki moja kabla, paka mafuta mazito asubuhi na usiku. Siku yenyewe usipake kitu, nenda na mikono mikavu na safi, na usitoke moja kwa moja zamu ya usiku. California wana njia mbili: Live Scan, ya kielektroniki, inayofanyika ndani ya California pekee, na kadi ya wino kwa aliye nje. Kadi ni polepole na hukataliwa zaidi. Kama mnasafiri kwenda kuangalia nyumba na shule, pigia Live Scan huko huko, na utunze nakala yako ya fomu, kwa sababu namba ya ATI iliyo juu yake ndiyo ya kufuatilia majibu. FBI wakikataa alama mara mbili kwa ubora hafifu, upo utaratibu wa kukaguliwa kwa jina.

Majina. Cheti cha chuo kina majina matatu, pasipoti imegeuza mpangilio, leseni ya Texas ina jina la mume. Kwa afisa wa bodi hao ni watu watatu. Andaa kabisa cheti cha ndoa na hati ya kiapo inayotaja majina yote, uipakie na ombi lenyewe, usingoje kuulizwa. Na chuoni waambie waandike jina ulilosajiliwa nalo, kisha wataje la sasa pembeni.

Afya ya kazini nayo hukwamisha watu siku ya kuanza. Wengi wetu tulichanjwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) utotoni, na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuvimba kwa sababu hiyo tu. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT, kabla hawajakuchoma mkononi. Kama uliwahi kuonekana na maambukizi yaliyolala ukatibiwa, beba barua ya kumaliza dawa na ripoti ya eksirei ya kifua. Kabla ya kuondoka Texas, chukua kutoka kwa mwajiri wako kumbukumbu zote za chanjo: MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela), tetekuwanga, Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro), na kiwango cha kinga ya homa ya ini B, ambacho kinatakiwa kifike 10 mIU/mL. Ukishaondoka, kuzipata ni kazi. Angalia pia vyeti vya kuokoa maisha, BLS na ACLS, zinakwisha kila miaka 2. Zikibakiza miezi miwili, zifanye upya kabla ya kuhama.

Sasa uzoefu, mahali ambapo una nguvu. Kwenye wasifu usiandike "miaka 9 hospitalini". Andika aina ya ICU, idadi ya vitanda, wagonjwa kwa muuguzi, mashine ulizozimudu, mfumo wa kumbukumbu, na kama uliongoza zamu. Hospitali nyingi za California hulipa kwa ngazi za miaka ya kazi, na ngazi hupangwa siku ya kuajiriwa. Uliza kabla ya kusaini kama miaka ya Kenya inahesabiwa. Wakikubali, watataka barua ya mwajiri wa zamani yenye tarehe na saa za kazi.

Jipimie mshahara kwa kinachobaki mkononi. Texas na Washington hazikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, California inakata, kwa viwango vinavyopanda na kipato. Upande wa pili, California ina sheria ya idadi ya wagonjwa tangu 2004, na sasa ni muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili ICU, mmoja kwa watano wodi ya kawaida. Kwa mgongo wako na kwa usalama wa mgonjwa, hilo lina uzito mkubwa kuliko dola chache za saa.

Bonasi ya kusaini isome mara mbili. Ukiondoka kabla ya muda, mikataba mingine inadai kiasi kizima kabla ya kodi, si kile ulichopokea. Fedha za kuhamia nazo zinakatwa kodi. Angalia pia kama mchango wa mwajiri kwenye 403(b), akiba yako ya kustaafu, umeshakuwa wako. Wakati mwingine ukisubiri miezi miwili tu unaokoa maelfu. Bima ya afya ya kazi mpya inaweza kuchelewa hadi siku 90. Una siku 60 za kuchagua COBRA, yaani kuendelea na bima ya kazi ya zamani kwa kuilipia mwenyewe, nayo inarudi nyuma hadi siku bima ya zamani ilipokoma, kwa hiyo si lazima uilipie siku ya kwanza.

Kama bado una kadi ya kijani, mabadiliko ya anwani yapelekwe USCIS (idara ya uhamiaji) ndani ya siku 10, fomu AR-11, bure mtandaoni, kwa kila mwanafamilia asiye raia. Na ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza, au skrini ikakuonyesha, kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Weka hapana, kwa sababu asiye raia haruhusiwi, usome tena ulichoweka kabla ya kusaini, na mumeo naye afanye hivyo hivyo.