Mume wangu ameuza televisheni na kukata intaneti, lakini simu yake haizimi

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi Busia, upande wa Uganda, na nina watoto watatu: mvulana wa S2 (sekondari, mwaka wa pili), msichana wa P5 (msingi, darasa la tano), na kitinda mimba wa miaka mitatu. Mwezi wa pili, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mume wangu aliuza televisheni pamoja na king'amuzi, na ruta ya intaneti akairudisha kwa kampuni. Hakuniuliza. Alisema amemkuta kijana saa saba ya usiku akitazama video, na ripoti ya S1 ilikuwa mbaya. Nami pia akaniambia nirudi kwenye kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, ili watoto wasipate pa kuombea simu.

Shangazi, mimi nauza vitenge. Wateja wangu wa Tororo na Mbale walikuwa wakichagua kwa picha za WhatsApp, sasa wamehamia kwa mwingine. Jioni nasonga posho (ugali) huku mdogo ameng'ang'ania gauni langu. Zamani alikuwa akitulia mbele ya katuni mpaka chakula kiive. Msichana anapanda kreti la soda dirishani kwa jirani ili aone kidogo, na jirani akichoka anavuta pazia. Kijana Jumamosi haonekani, nasikia anashinda kibanda cha video. Mama mkwe alikuja akae wiki mbili, akaondoka siku ya tatu. Mume wangu ni wakala wa forodha, anarudi saa tatu usiku, anakula, anaingia kitandani na simu yake, na ule mwanga unanimulika mpaka nageukia ukutani.

Ila nisiseme uongo. Wadogo wanalala mapema, na kuna jioni naupenda huu utulivu. Ndiyo maana sijielewi. Nimwambie airudishe, au nivumilie?

Mama Vitenge, Busia

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako ili usisubiri: usimwambie airudishe, na usivumilie. Kuna la tatu la kumwomba, nalo ni muda wake.

Hebu tazama jioni yako ilivyokuwa kabla ya mwezi wa pili. Saa kumi na moja watoto wamerudi, wewe unawasha jiko, unateka maji, unahesabu pesa za siku, na yule mdogo yuko mbele ya katuni hata hajui kama umetoka nje. Nani alikuwa akimlea saa hizo? Televisheni. Ilikuwa yaya mbovu, sikatai, lakini ilikuwa yaya. Mumeo amemfukuza bila kuleta mwingine, na yeye mwenyewe saa hizo yuko mpakani anakimbizana na malori. Uamuzi ameutoa yeye, kazi iliyozaliwa na uamuzi huo imekuangukia wewe peke yako. Kwa hiyo unaweza kabisa kuupenda utulivu na ukawa na hasira jioni hiyo hiyo. Hujachanganyikiwa hata kidogo.

Sasa nimtetee kidogo, maana barua imeandikwa na upande mmoja. Kijana anayetazama video saa saba ya usiku hawezi kumsikia mwalimu saa mbili asubuhi. Kuhusu mdogo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Wako, kwa unavyoeleza, alikuwa akivuka hapo kila jioni. Na pesa nazo zinauma: king'amuzi kila mwezi, na bando ambazo tangu Julai 2021 zina kodi ya asilimia 12, iliyokuja baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku tuliyotozwa tangu 2018 ili tu tuingie WhatsApp. Mwanamume aliyekaa akaona vyote hivi vinamtoka mfukoni na ripoti ya mtoto bado ni mbaya, simwiti kichaa.

Najua pia atakachokujibu: sisi tulikua bila hivyo vitu na tukasoma. Kweli. Televisheni ya Uganda ilianza 1963, na kwa miaka mingi sisi wa mbali na Kampala tuliisikia tu kwa waliobahatika kuiona. Lakini mtaa mzima ulikuwa hivyo! Hapakuwa na dirisha la kuchungulia, kwa sababu jirani naye hakuwa na kitu. Hata ilipozimwa intaneti nchi nzima Januari 2021, wakati wa uchaguzi, sisi wakubwa tulihangaika, lakini watoto walikuwa sawa na wenzao, wote hawana. Binti yako leo hana wakati wenzake wote wanayo, na Jumatatu asubuhi darasani mazungumzo ni katuni ambayo yeye ameiona nusu, bila sauti, kupitia kioo.

Huyo binti ndiye aliyeniuma kuliko wote. Kreti la soda liondoke pale kesho. Nenda kwa jirani mchana, wakati hana haraka, na usiende mikono mitupu, hata kichane cha ndizi kinatosha. Muombe siku moja kwa wiki, saa moja, mtoto aingie kwa mlango, avue viatu, asalimie, akae. Akikubali, mwambie binti wazi kwamba siku nyingine zote dirisha ni mwiko. Jirani akikataa, msimlazimishe, na msimnunie. Anayevuta pazia ameshachoka kuchunguliwa, nasi tungechoka.

Halafu nunueni redio. Hapa naongea na mumeo kupitia kwako: nyumba isiyo na televisheni ni jambo moja, nyumba isiyo na habari yoyote ya dunia ni jambo jingine. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, na wakati huo masomo yalipitia redioni, kwenye televisheni na magazetini. Watoto ambao nyumbani kwao hakukuwa na hata kimoja walikaa hivi hivi. Siombi yarudi, lakini redio ndogo ya betri hailali njaa hata Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha, na nyinyi mko mpakani, mnashika stesheni za pande zote mbili. Kuna Kiganda, kuna Kisamia, kuna Kiswahili cha Kenya mchana kutwa. Mama mkwe akirudi atakuwa na mtangazaji wa kubishana naye. (Usimtumie huyo mama kumsema mwanawe. Najua inatamanisha, na najua yuko upande wako, lakini mume akisutwa na mama yake kwa ajili ya televisheni, ataapa isirudi kamwe.)

Tuje kwa kijana. Kibanda cha video nakijua, na wewe unakijua: benchi la mbao, joto, mpira wa Uingereza mchana, na mpira ukiisha inawekwa filamu ya mapigano na VJ, yule msimuliaji wa filamu, anaitafsiri kwa Kiganda huku akiongeza vichekesho vyake. Kijana wa miaka kumi na minne hafuati picha tu pale. Wenzake wote wako humo, na kinachomfaa ni kuwa nao. Ukimfungia atapita nyuma. Dawa ninayoipendekeza haitampendeza mumeo: Jumamosi anayopumzika, aende naye. Alipe kiingilio cha wote wawili, wakae benchi moja, watazame mechi, na filamu ikianza wainuke waende nyumbani. Atajua mwanawe anakaa na nani, na kijana atajua baba anajua.

Shuleni pia kuna jambo ambalo huenda baba hajaliona. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unawapa wanafunzi kazi za mradi na utafiti, na walimu wengi wanadhani kila mtoto ana pa kutafutia. Ripoti ikija mbaya tena muhula huu, mtamlaumu kijana kwa kosa ambalo nusu yake ni la nyumba. Nenda shuleni ukamuulize mwalimu wa darasa, kwa kinywa chako, ni kazi zipi zinahitaji intaneti na shule ina kompyuta za kutumia saa ngapi. Zisipotosha, kazi hiyo ifanyike kwenye simu, mezani, wewe ukiwa hapo unachambua mchele, na ikiisha simu irudi kwako.

Simu ipi? Yako. Hapa sina mzaha.

Televisheni ilikuwa starehe ya nyumba, na baba akitaka kuiondoa, sawa, tunaweza kujadiliana. Simu ya biashara ni jembe lako la kazi. Muulize kwa upole, bila kejeli hata ikikuwasha ulimini: yeye angeweza kutoa hata lori moja pale forodhani kwa kitochi? Siku hizi hati zote zinapita kwenye mfumo wa kompyuta wa URA, mamlaka ya mapato, na asiye na intaneti anabaki kuangalia malori ya wenzake yakipita. Mteja wa Mbale naye hawezi kuchagua kitenge kwa kusimuliwa. Utamwambia nini kwa simu, kina maua mekundu na kitu kama ndege pembeni? Chukua daftari lako la mauzo, andika mwezi wa kwanza uliingiza ngapi na mwezi uliopita ngapi, na pembeni andika karo ya S2. Mwachie asome mwenyewe. Watu wa forodha wanaelewa karatasi yenye tarakimu haraka kuliko machozi.

Na mkishakubaliana kuhusu simu yako, ndipo uitaje yake. Pendekeza kapu sebuleni, saa nne usiku simu zote ziingie humo, yako na yake, na chaja zikae huko huko. Asiseme anangoja ujumbe wa kazi. Anayemtafuta kwa dharura usiku atapiga, na mlio utasikika chumbani. Mtoto wa S2 anauona ule mwanga chini ya mlango, mwanangu. Anajua kabisa nani katika nyumba hii amekatazwa na nani hajakatazwa.

Kuhusu mdogo na zile saa za kusonga posho, sitakupa orodha ya michezo, maana najua orodha hizo huandikwa na watu wasio na jiko. Mpe kazi karibu nawe. Maharage kidogo kwenye ungo, atenganishe na mawe. Atayachanganya upya, mengine atayamwaga, mawili matatu atayatia puani kama humwangalii, kwa hiyo mwangalie. Hao wakubwa wawili wape bao, huu omweso wetu: mashimo 32, kete 64. Ubao ukikosekana, mashimo yachimbwe uani na kete ziwe kokoto. Binti wa P5 akishaelewa kuhesabu mbele, kaka yake atapigwa vibaya na hataamini. Lakini wa kuwafundisha asiwe wewe. Jumapili baba yupo, yeye ndiye aliyetaka nyumba isiyo na skrini, akae chini afundishe. Na siku mbili kwa wiki aondoke mpakani mapema, awe nyumbani saa kumi na mbili, ambebe mdogo wewe ukipika. Siku mbili tu. Wakala ana wenzake wa kushikiana zamu, na kama ameweza kupanga kuuza televisheni kabla hujajua, ataweza kupanga na hilo.

Mazungumzo haya usiyaanze saa tatu usiku akiwa ndiyo kwanza anavua viatu, wala mbele ya watoto. Ngoja siku amepumzika na ameshiba. Anza na lililo zuri, kwa sababu lipo na ni la kweli: wadogo wanalala mapema, na wewe mwenyewe unaupenda ule utulivu. Mwambie hutaki televisheni irudi sasa. Ataduwaa, maana alikuwa amejiandaa kubishana kuhusu hilo. Kisha daftari. Kisha siku mbili. Kapu liache la mwisho, hata wiki nyingine. Na mwekeane muda: mwisho wa muhula wa pili mkae tena, mwangalie ripoti, mwangalie mauzo, muulizane kama televisheni irudi kwa masharti au isirudi kabisa. Mimi sina upande katika hilo. Nimeziona nyumba tulivu zenye televisheni, na nimeziona nyumba zisizo nayo ambamo watu hawaongei.

Akikubali siku moja badala ya mbili, chukua moja. Akigoma kuhusu kapu, liache kwanza. Lakini akikataa kabisa usishike simu ya biashara yako, na daftari ameliona na karo ameiona, hapo shida haitakuwa tena ripoti ya mtoto wala katuni. Waite wazee wa pande zote mbili, na uniandikie tena.

Shangazi