Kufungua programu nyingine yenyewe slaidi ikifika

Mkuu, umeuliza kwa nini kitufe cha Action ulichoweka kwenye PowerPoint hakifungui programu hadi ukibofye. Ndivyo kilivyo: Run program husubiri kubofywa au kipanya kipite juu yake, basi. Ukitaka ifunguke yenyewe, andika makro, yaani maagizo mafupi ambayo PowerPoint huyatekeleza yenyewe. Ipo pia njia ya kuingiza faili kama Object na kuipa animesheni ya Activate Contents, ila huweza kukutolea dirisha la onyo mbele ya wasikilizaji. Siipendekezi.

Bonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la kuandikia makro, halafu Insert, Module, ubandike hii:

Private imefunguka As Boolean

Sub OnSlideShowPageChange(ByVal w As SlideShowWindow)
If w.View.CurrentShowPosition = 4 And Not imefunguka Then
Shell "C:\Windows\System32\notepad.exe", vbNormalFocus
imefunguka = True
End If
End Sub

Sub OnSlideShowTerminate(ByVal w As SlideShowWindow)
imefunguka = False
End Sub

Namba 4 ni nafasi ya slaidi, weka yako. Jina OnSlideShowPageChange usiliguse hata herufi, maana PowerPoint inalitafuta hilo hilo. Hifadhi kama .pptm au .ppsm, ukihifadhi kama .pptx makro inaachwa nje.

Kile kigezo cha imefunguka si pambo. Bila hicho, ukirudi nyuma slaidi moja kisha ukasonga mbele, Notepad ya pili inafunguka juu ya ya kwanza. Na vbNormalFocus usiisahau: Shell (amri inayofungua programu) isipoambiwa ukubwa wa dirisha huanzisha programu ikiwa imeshushwa kwenye taskbar, nawe utahangaika na msimbo usio na kosa lolote.

Njia ya faili ikiwa na nafasi, kama Program Files, weka alama za nukuu tatu tatu kila upande:

Shell """C:\Program Files\Kazi\kazi.exe""", vbNormalFocus

Shell hufungua programu tu. Ukiipa PDF inagoma kwa kosa namba 5, kwa hiyo pitia kwa explorer: Shell "explorer.exe C:\Kazi\ripoti.pdf", vbNormalFocus. Kosa namba 53 maana yake faili halipo pale ulipoandika. Wanaotumia ActivePresentation.Path (inayotaja folda lilipo wasilisho) waangalie kama wasilisho liko OneDrive: hapo hurudishwa anwani ya https, na Shell haiwezi kuitumia.

Sasa lile linalosumbua wengi: makro inafanya kazi dirisha la Alt+F11 likiwa wazi, kesho yake kimya, wala hakuna ujumbe wa kosa. Sababu ni kwamba PowerPoint wakati mwingine haipakii VBA (lugha ya makro hizi) onyesho linapoanza. Weka Label ya ActiveX (kidhibiti kidogo cha maandishi) kutoka kichupo cha Developer kwenye slaidi ya kwanza, ufute maandishi yake. Uwepo wake unailazimisha VBA ipakiwe. Lakini Office 2024 huja na ActiveX ikiwa imezimwa, hivyo huko inabidi uiruhusu kwanza kwenye Trust Center (mipangilio ya usalama ya Office).

Faili likitumwa kwa barua pepe, Windows huliwekea alama na makro zinazuiwa. Bofya kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock kabla ya kulifungua. PowerPoint ya kwenye kivinjari haiendeshi makro kabisa, na njia hizi za C:\ ni za Windows. Mac ina utaratibu wake wa AppleScriptTask.