Mwanangu, kuhusu Habib Swaleh

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, na mguu wa mama yako umepoa. Barua yako nimeisoma nikairudia. Waniuliza kama karama zinazosimuliwa za Habib Swaleh ni za kweli, na kama tunakosea kumzuru kila Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, kwa kuwa rafiki yako wa kazini amekwambia kuzuru kaburi la walii ni shirki, kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Karama mimi sikupata kuzishika sana. Kilichonifunga kwa Habib ni kingine, na hicho ndicho nitakachokueleza.

Nimekwambia tangu u mdogo: ukitaka kumjua mtu, tazama anamketisha nani karibu naye. Habib alizaliwa Ngazija, sharifu, wa kizazi cha Mtume, wa ukoo wa Jamalilleil, akaja Lamu kwa jamaa zake angali kijana. Angeweza kukaa Mkomani kwenye majumba ya mawe, akasomesha watoto wa waungwana, wala hapana ambaye angemlaumu. Yeye akaja Langoni, kwenye vibanda vya makuti. Akawasomesha watumwa, watoto wa watumwa na Wahadhrami maskini, watu ambao mji uliona Fatiha na kutawadha vyawatosha. Usisahau kwamba utumwa pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907, na Riyadha, msikiti wake na chuo chake, wakati huo ilikuwa imekwisha kusimama.

Kisha akagusa maulidi yenyewe. Hapa mjini watu walizoea kusoma maulidi ya Barzanji. Habib akaleta Simtu Durar, maulidi aliyoitunga Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, kule Hadhramaut, na tari, hizi ngoma za mkononi, zikaingia msikitini. Hata jina la Riyadha limefuata msikiti wa Habib Ali huko Seiyun. Wapo wanavyuoni waliopinga, na hoja zao za fiqhi sizidharau, walikuwa watu wa elimu. Lakini mimi naona kilichowauma zaidi si tari, ni mikono iliyozishika.

Asili ya babu yako waijua, sina haja ya kuirudia. Ila hili sikupata kukusimulia. Nilikuwa mtoto, nimealikwa pamoja na wenzangu wa chuo cha Kurani kwenye karamu ya arusi katika nyumba moja ya Mkomani. Siitaji, maana wajukuu wao mwasalimiana. Tukaketi kwenye sinia. Mkono wangu umeshafika kwenye wali, mzee mmoja akanishika kifundo, akauliza kwa sauti, "Huyu wa nani?" Akajibiwa. Akasema, "Basi akale uani." Hakunipiga wala hakunitukana. Nikanyanyuka, punje za wali zimeninata vidoleni, nikawapita wenzangu, na hapana hata mmoja aliyeinua macho. Mpaka leo nikiingia kwenye karamu ya watu, macho yangu hutafuta mlango kwanza.

Mwaka huo huo, usiku wa maulidi, sisi watoto tulikuwa nje ya Riyadha tukizipasha tari kwenye moto wa makumbi. Ngozi ikipata umande hulegea, tari ikakosa sauti. Waisogeza motoni, waipapasa kwa kiganja, ukihisi imekaza ndipo waikimbiza ndani. Nikaingia na yangu niikabidhi nitoke. Mzee mmoja wa masharifu akaniashiria nisiende. Akajisogeza, akanipa nafasi ubavuni mwake, akaniambia, "Piga." Nikapiga mpaka watu wakasimama kwa kiyamu, na machozi yakinitoka wala sikuona haya. Habib alikuwa amekwisha kufariki zamani, tangu 1935, lakini ile nafasi ubavuni ni yeye aliyeiacha.

Najua utakalosema, kwa sababu mwenyewe hujiambia. Yule mzee alikuwa sharifu, na nilipoondoka nilimbusu mkono. Waungwana walijivunia nasaba, na masharifu nao ni nasaba. Je, hatukushuka ngazi moja tukapanda nyingine? Jambo hili hunikosesha usingizi. Halafu nawakumbuka waliosoma Riyadha, watoto wa watu kama sisi, waliotawanyika pwani yote hadi Tanzania na Uganda, wakafungua vyuo vyao na wao ndio wakaitwa mwalimu. Mkono nilioubusu ulikuwa umeniita kwanza. Ule wa Mkomani ulinishika ili unitoe. Haiwezi kuwa sawa. Na bado, mwanangu, kwa nini nilihitaji kuitwa na mtu wa nasaba ndipo nijione mtu? Hapo hukwama.

Sasa ziyara. Mimi nikisimama kaburini namsalimu Habib, nasoma Yasini, namwombea yeye, na haja zangu namwomba Mwenyezi Mungu peke yake. Hilo ni la moyo wangu na nitajibu kwalo. Wapo niliowasikia pale wakiomba kwa namna isiyonipendeza, na rafiki yako akisema hao wamekosea, sitampinga. Lakini kuwajumuisha watu wote wanaoijia Lamu, vikongwe waliovuka bahari kuja kumsalia Mtume, akawatia wote katika shirki! Ulimi waniwasha, nauzuia. Umesoma kuliko mimi, na walimu unao. Waulize, kisha amua mwenyewe, sitakukasirikia. Ila na hao walimu watazame vizuri, wanamketisha nani karibu nao.

Zefe, maandamano ya maulidi, itakuwa wiki ya mwisho ya mwezi kama kawaida. Ukija, njoo na huyo rafiki yako, alale chumba cha juu, na akipenda asitoke kwenda popote. Niarifu mapema, maana siku hizo boti za kutoka Mokowe hujaa, na mama yako ataka kujua mtakuwa wangapi.

Baba yako