Mwanangu, beji yako nani anaisoma?

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi baada ya chai, maana usiku macho yangu siku hizi hayana adabu. Unasema wamekuita ofisini wakakuambia uhamie chumba cha upasuaji wa moyo wa tundu dogo, posho nzuri, zamu za usiku chache. Wenzako wodini nao wamekujaza maneno: mle mna mionzi ya eksirei, ukiingia huzai tena, na wewe mtoto wa pili unamtaka. "Mama, wewe eksirei ndiyo ilikuwa kazi yako, nikubali au nikatae?"

La kutozaa nitalimaliza upesi. Mayai ya mwanamke hayafi yote kwa mionzi mpaka dozi ifike maelfu ya milisiviti (ndiyo kilo yetu ya kupimia mionzi mwilini) kwa mkupuo, dozi za kuchoma saratani ya nyonga. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiviti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Binadamu wa kawaida, hata ambaye hajawahi kuona mlango wa eksirei, anapata kama 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula chake. Kwa hiyo hao wenzako waambie watafute jingine la kukutishia. Na yapo.

Maana swali lako kubwa si hilo, hata kama ndilo ulilouliza. Mimi ningeuliza: beji yako, ile ya kuvaa kifuani inayorekodi mionzi uliyopata, nani ataisoma?

Unakumbuka yale maziwa? Kila mwezi nilikuwa narudi kota na maziwa ya idara, wewe na baba yako mnagombania makopo. Tulipewa kwa sababu ya mionzi, ati yanaisafisha mwilini. Maziwa hayasafishi mionzi, mwanangu. Eksirei ikishapita imepita, haikai tumboni ikangoja kuoshwa. Madhara iliyoyafanya kwenye chembe za mwili imeshayafanya, na mwili wenyewe ndio unaohangaika kuyatengeneza. Nilijua hivyo tangu chuoni na nikayapokea vilevile, nani anakataa maziwa ya bure? Lakini angalia ujanja wake: mtu akishapewa maziwa, haulizi tena kipimo.

Sasa nije kwenye lile jambo. Baba yako hapendi nilitaje, anasema limepita. Kwake limepita.

Mdogo wako alikuwa tumboni, mimba ndiyo imeanza kuonekana. Nilikwenda kwa mkuu wetu wa idara, nikamwambia naomba nisipangiwe mashine ya kusukuma wodini, na nisishike tena watoto. Wewe muuguzi unajua, mtoto wa miaka miwili hasimami mbele ya filamu kwa hiari. Lazima mtu amshike mikono juu. Utaratibu ni kwamba ashike ndugu yake, avishwe aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, na asiwe mjamzito. Kwetu ndugu walikuwa wanaogopa ile sauti ya mashine, basi tunashika sisi, kutwa. Bwana yule akanitazama akasema, "Mimba si ugonjwa. Na beji si unayo? Beji zimerudi, mko salama wote."

Zimerudi. Neno hilo alikuwa akilisema kila baada ya miezi kadhaa, nasi tunaitikia asante. Beji zilitakiwa zifungwe zipelekwe Arusha, kwa iliyokuwa Tume ya Taifa ya Mionzi, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 1983 na ambayo tangu sheria ya 2003 ndiyo Tume ya Nguvu za Atomu. Kule zinasomwa, majibu yanarudi kwa maandishi, kila mtu na tarakimu yake.

Siku moja developa, dawa ya kusafishia filamu, imekwisha, mkuu yuko safari, nikatumwa mezani kwake kutafuta kitabu cha kuagizia. Droo ya chini. Nilikuta furushi limefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Beji zetu. Kila moja imebandikwa plasta, juu ya plasta jina kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kila mwenyewe. Yangu niliitambua kabla sijaisoma, kwa ile herufi ya mwisho iliyovuja kwa jasho. Zilikuwa beji za awamu zilizopita, zile ambazo tuliambiwa zimerudi. Hazikuwa zimekwenda popote.

Nilizibeba vile vile zilivyofungwa. Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi, mganga mfawidhi yupo, wauguzi wakuu wapo, nikaliweka furushi mezani katikati ya mafaili. Nikasema, "Naomba majibu yangu." Basi, hayo tu. Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka sura zao zile nacheka peke yangu jikoni.

Kicheko hakikudumu. Wiki ile ile nilipewa barua, nihamie masijala kupanga mafaili ya wagonjwa, kwa "mahitaji ya kiutumishi". Ilikuwa adhabu. Sasa niambie, mjamzito wa eksirei unamwadhibu kwa kumpeleka masijala! Mahali penye mionzi ya mende na vumbi tu! Mdogo wako alikua kwenye ujauzito uliobaki bila picha hata moja mbele yake, kwa hisani ya hasira za bwana yule.

Kilichoniuma ni shoga yangu. Yule wa nyumba ya tatu, mliyemwita Mama Mkubwa, aliyekusuka nywele za Idi. Alisimama bombani mbele ya watu akaniita mchongezi, kwamba nimetia mchanga kitumbua cha idara nzima, wataikosa posho na maziwa. Beji yake ilikuwa kwenye furushi lile lile. Hatukusemezana tena mpaka tulipohama kota.

Baadaye nilisikia amepata mtoto wa jicho, macho yote mawili, na bado hajawa mzee. Mtoto wa jicho wa mionzi kwa kawaida huanzia upande wa nyuma wa lenzi. Wake ulianzia nyuma, ndivyo alivyoniambia aliyemhudumia. Nikasema, aha! Halafu nikajijibu mwenyewe: kisukari nacho kinaweza kufanya hivyo, na yeye sukari alikuwa nayo. Utasemaje sasa? Kwa mtu mmoja huwezi kunyoosha kidole ukasema huu ni wa mionzi na huu si wake. Ungeweza kukisia kama angekuwa na karatasi ya miaka yote ile, lakini karatasi haipo.

Wakati mwingine nasema namwonea bwana yule. Pengine hela ya kusafirisha furushi hakupewa. Pengine zingesomwa zote zingekutwa chini ya milisiviti mbili na mimi ningeonekana mwendawazimu. Inawezekana kabisa, wengi wa eksirei za kawaida ndivyo wanavyosoma. Nakubali. Ila angesema hela haipo. Kwa nini alituambia zimerudi?

Ndiyo maana nakwambia kila siku, nawe unacheka: nionyeshe karatasi. Beji haikingi kitu, ni shahidi tu, na shahidi asiyeitwa mahakamani hana faida. Uingereza miaka ya 1950 daktari mmoja, Alice Stewart, alitaka kujua kwa nini watoto wanakufa kwa saratani. Alitengeneza maswali, akawauliza kina mama wenyewe. Akakuta kwamba kina mama wa watoto waliokufa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito karibu mara mbili ya kina mama wa watoto wazima. Alichapisha 1956, tena kwa kirefu 1958, na wakubwa wa fani wakambishia miaka na miaka. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa nyuklia Ufaransa, Uingereza na Marekani: kadiri dozi ndogo ndogo zinavyojumlishwa, ndivyo uwezekano wa kufa kwa saratani unavyopanda. Si kwa kishindo, kidogo kidogo. Lakini walijuaje? Kwa sababu beji za watu wale zilisomwa na karatasi zikatunzwa tangu ujana wao.

Chumba chako hicho hakifanani na changu. Mimi nilikuwa nabonyeza nikiwa nyuma ya ukuta, sekunde imekwisha. Nyinyi mnasimama kando ya mgonjwa na mashine inawaka, inazima, inawaka, pengine saa nzima. Bomba la eksirei mara nyingi liko chini ya kitanda, mionzi inaugonga mwili wa mgonjwa, na sehemu yake inatawanyika kuwafuata nyinyi. Kwa hiyo anayekumulika ni mgonjwa. Daktari ameshika waya unaopita mshipani hadi moyoni, hawezi kusogea, wewe unaweza. Ukiongeza umbali mara mbili, inayokufikia inashuka hadi karibu robo. Hatua moja nyuma daktari anaporekodi picha, hatua moja tu.

Muuguzi anageuka kwenda kwenye toroli, mgongo anaupa mashine. Aproni ya mbele peke yake haikufai, taka ya kuzunguka mwili mzima. Shingo ivae kola. Kile kioo chenye madini ya risasi kinachoning'inia darini kishushwe, si pambo. Macho nayo: tangu 2011 wakubwa wa kinga ya mionzi duniani walishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka milisiviti 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka, kwa sababu ilionekana mtoto wa jicho anakuja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Beji ziwe mbili, moja ndani ya aproni, moja nje shingoni. Na ukikuta aproni zimekunjwa kwenye kiti, jua ni chumba cha wazembe. Risasi ikikunjwa inapasuka ndani na kwa nje huoni. Mimi nilikuwa nazipiga picha, nyufa zinatokea kama ramani ya mito. Uzito wake nao usiudharau, wengi mle wanalia mgongo kabla ya kulia mionzi.

Ukishika mimba, sema siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Ukishasema, mtoto anahesabiwa kama raia wa mtaani: asipate zaidi ya milisiviti 1 mpaka azaliwe, na wakupe beji ya tumboni. Mwenye mimba anaweza kubaki kazini mle ikiwa hesabu inaonyesha hivyo. Mimi nisingebaki. Lakini mimi si wewe, na bosi wako si yule.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua. Mdogo wako yuko mzima, mrefu kuliko mlango, na bado akiumwa homa mpaka leo nampapasa tezi za shingo na yeye ananiondoa mkono. Huyo ndiye anayetaka kukujibu, yule mama wa kupapasa tezi, na jibu lake unalijua. Mtaalamu aliyekaa pembeni yake anasema chumba kinachosimamiwa vizuri ni salama kuliko barabara unayopita kwenda huko. Nimewaacha wanagombana.

Kabla ya Ijumaa nenda pale ukaombe kuona majibu ya beji za wauguzi wa mwaka jana, hata kama wamefunika majina. Tazama sura ya utakayemuuliza. Akifungua faili, nipigie unisomee. Akikwambia "zimerudi, tuko salama wote", nipigie vilevile.

Hilo la posho usiniulize mimi. Muulize baba yako, ameshaipigia hesabu na bati za jiko zimo.

Mama yako