Gereji ya Wasomaji: Peugeot 504 inamaliza maji na chini hakuna hata tone

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Voi, nina Peugeot 504 stesheni wagoni ya petroli ya 1982, aliniachia marehemu baba. Tangu mwaka jana ilikua inapunguza maji kidogokidogo, nikitoka safari ya Mombasa naongeza kama nusu lita hivi alafu ukiangalia chini ya gari pakavu kabisa. Fundi wa hapa mtaani akasema iyo ni gasketi ya hedi, akafungua, hedi ikapelekwa kusawazishwa, tukaweka gasketi mpya. Wiki hiyohiyo maji yakaanza kupungua zaidi ya mwanzo, na sasa oili kwenye dipstiki imekua kama chai ya maziwa. Nimemrudia ananiambia bloku imepasuka, nitafute injini ya Toyota nifunge. Kabla ya haya yote gari haikuwahi kuchemsha wala kutoa moshi wa ajabu, kitu nilichokua nakiona tu ni harufu tamutamu nikizima injini na kaunga ka kijani kaliokauka chini ya wotapampu. Baba alikua anatia kulanti ya kijani, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, siku zote. Siitaki injini ya Toyota, nifanyeje?

JIBU: Marahaba kaka, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Jambo la kwanza kabla hujamaliza kusoma, hiyo gari isiwashwe tena, hata kuisogeza ndani ya uwanja isukumwe kwa mikono. Maji yenye kulanti yakichanganyika na oili yanakula beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haraka sana, na krenki ya 504 ikishaharibika ndio utaanza kweli kuzungushwa kutafuta spea.

La pili, injini ya Toyota usinunue. Kwa uliyoyaandika sioni dalili ya bloku kupasuka. Naona magonjwa mawili tofauti, moja ulikua nalo tangu mwaka jana na halijaguswa mpaka leo, na jingine limeingia siku ile hedi ilipofunguliwa.

Tuanze na lile la mwanzo manake jibu lake umeliandika mwenyewe. Kaunga ka kijani chini ya wotapampu ni kulanti iliyotoka, maji yakaenda na joto ikabaki dawa yake imeganda. Kila wotapampu ya aina hii ina kitundu kidogo kwa chini, ukubwa wa kama ncha ya penseli, kati ya sili ya maji na beringi. Kimewekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee pale nje yasiingie kwenye beringi. Pale ndio pa kuangalia, na ukikuta pana alama ya kijani au kutu inayoteremka kutoka kwenye kitundu basi pampu imekwisha, hakuna kubahatisha. Na kuna mafundi wanakiziba kwa silikoni, hao wakatalie kabisa, ukiziba maji yanahamia kwenye beringi na siku beringi ikikatika feni inaingia kwenye rejeta, sababu kwenye 504 feni imefungwa palepale mbele ya pampu.

Sasa mbona chini pakavu? Kwa sababu sili inavuja injini ikiwa ya moto na presha imepanda, tone linatoka, upepo wa feni unalirushia kwenye bloku ya moto, linakauka hapohapo, unabaki na harufu tamu tu. Ukipaki usiku presha imeshuka, kila kitu kimetulia, asubuhi unainama chini huoni kitu. Zima injini ikipoa shika bawa la feni ulitikise mbele na nyuma, kukiwa na mchezo hata kidogo beringi nayo imeanza kufa. Nusu lita kwa safari ya kwenda na kurudi Mombasa, gari haichemshi, moshi wa kawaida, hayo yote yanasema uvujaji mdogo wa nje. Hedi haikutakiwa kuguswa.

Kitu kinachoniuma kwenye barua kama yako ni kwamba ingetosha nusu saa na pampu ya kupimia presha ya rejeta. Ni kipampu cha mkono chenye geji, unakifunga pale panapokaa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, unapampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe, alafu unakaa unaangalia sindano. Ikishuka maji yanatokea mahali, chukua tochi na kioo kidogo ufuate: kitundu cha pampu, hozi ya juu na ya chini, klipu zake, nyumba ya themostati (vali inayofungua maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto), maungio ya rejeta, hozi za hita zinazopita kwenye ukuta wa kabini. Gusa na kapeti upande wa abiria, ikiwa na unyevu wenye harufu tamu ni rejeta ndogo ya hita. Sindano ikishuka na nje kote ni kukavu ndio unaanza kufikiria mambo ya ndani, na hata hapo kuna vipimo kabla ya spana kugusa hedi.

Tuje kwenye la pili, na hapa nakuomba usome taratibu umsomee na fundi wako bila ugomvi, manake hii injini sio kama za Kijapani alizozizoea. Injini ya 504 yako, kama ni ile ya cc 1971, ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku, ni laina nne zinazotoka, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji yenyewe. Juu laina inabanwa na hedi kupitia gasketi, chini imekalia sili nyembamba, na hiyo sili ndio peke yake inayotenganisha maji na oili iliyoko kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Yaani kinachoibana ile sili ni hedi ikiwa imefungwa. Ukishafungua hedi laina ziko huru, mtu akizungusha krenki hata robo, pistoni inaivuta laina na ringi zake inanyanyuka kidogo sana hata jicho halioni, uchafu unaingia chini yake, sili ya miaka mingi inakatika. Unafunga hedi na gasketi mpya nzuri kabisa, na maji yanateremka taratibu kwenye oili. Ndio hiki kimekupata, au nakaribia kuwa na uhakika.

Hata namna ya kuitoa hedi yenyewe ina utaratibu. Hainyanyuliwi moja kwa moja, inakua imegandana na gasketi na gasketi imegandana na laina, ukiinyanyua inapanda nazo. Inatakiwa uingize vyuma viwili kwenye matundu ya bolti uitikise mbele na nyuma mpaka iachie, ndio uinyanyue, na papo hapo uzibane laina kwa bolti na washa pana au vipande vya chuma ili zisisogee mpaka kazi iishe. Muulize fundi kwa upole kama alizibana. Akikuuliza kuzibana vipi, ushapata jibu.

Usiniamini tu lakini, pima. Gari ikae usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi weka beseni safi chini ya sampu, legeza bolti ya oili polepole sana, usiitoe, iache itone kwa pembeni. Maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini kabisa, kwa hiyo yatakayojitenga ndio yatatoka mwanzo, utayaona yana rangi ya kijani yanateleza kwenye beseni kabla oili haijafuata. Mwaga yote, toa na filta. Alafu injini ikiwa hivyohivyo baridi, sampu tupu, weka ile pampu ya presha kwenye rejeta yenye maji, pandisha, na utazame tundu la sampu. Kwa taratibu utaona maji yanaanza kudondoka. Ukiweza kushusha sampu ni bora zaidi, unalala chini na tochi unaona kabisa yanateremka kwenye laina ya ngapi, na yakiwa yanateremka kwa nje ya laina, pale inapokaa kwenye bloku, hiyo ni sili ya chini. Yakidondoka kutokea ndani, juu ya pistoni, basi ni gasketi au hedi, na hapo ukitoa plagi za moto utakuta moja ina maji au imesafishika nyeupe kuliko wenzake. Bloku iliyopasuka ni ya mwisho kabisa kwenye orodha, na kwa gari ambayo haijawahi kuchemsha na miaka yote inatiwa kulanti mimi siipi nafasi.

Ikithibitika ni sili, kazi ni hii: hedi inatoka, sampu inatoka, konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) zinafunguliwa, laina zinatolewa na pistoni zake zikiwa zimewekwa alama namba na upande ilikoelekea, kila moja irudi palepale ilipotoka. Vikalio vya laina ndani ya bloku visafishwe mpaka ving'ae, kutu yote na tope lililoganda litoke, hii sehemu ndio mafundi wanaikimbiza na ndio inayoamua kila kitu. Sili mpya zote nne, usibadilishe moja ukaacha tatu. Laina zikishakaa lazima zichomoze juu ya uso wa bloku kidogo na zilingane, unapima kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kipimo chake kiko kwenye kitabu cha matengenezo cha injini hiyo, usikubali cha kukisia. Laina moja ikiwa fupi gasketi haibanwi pale, na utarudi kuniandikia baada ya miezi. Bolti za hedi zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje. Ukiwa umefungua mpaka huko beringi za konrodi na krenki ziangaliwe, oili yako imeshakua na maji. Na wotapampu mpya ifungwe hapohapo, fundi awe mwangalifu na waya na kaboni ya feni, manake feni ya 504 inashikwa kwa sumaku ya umeme, isivunjike.

Ukimaliza usiweke maji ya kisima, huko kwenu na pwani kwa ujumla maji mengi yana chumvi na hedi ya aluminiamu inaliwa nayo. Nunua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, sio asidi, changanya nusu kwa nusu na kulanti. Na usitie ute wa yai, pilipili wala dawa za kuziba za kopo, zinaenda kuziba vijia vya rejeta na hita, sili ya laina haziigusi.

Gari hizi zimeshinda Safari Rally, 1975 kwa Ove Andersson na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, barabara zilezile za vumbi unazozijua, na hapo Kenya ziliunganishwa miaka mingi, kwa hiyo wazee wenye ujuzi wa laina bado wapo. Mtafute aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji za Peugeot zamani, hata kama kastaafu, mlipe aje asimamie tu huku fundi wako akishika spana.

SWALI: Kaka fundi, mimi ni mama mwenye Land Rover Series III ya petroli, Arusha. Maji yanadondoka chini pale injini inapokutana na giaboksi, kwenye kitundu. Hozi zote ni kavu. Fundi anasema ni sili ya krenki.

JIBU: Dada, sili ya krenki inavujisha oili, maji haiyajui. Hicho kitundu kiko chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kimeachwa wazi makusudi kutoa kinachovuja ndani, kina na bolti yake ya kuzibia ukitaka kuvuka mto. Injini ya lita 2.25 ina vifuniko vya chuma vyembamba vilivyopigwa kwenye bloku, mafundi wanaviita welchi plagi, na kimoja kiko nyuma kabisa kimejificha nyuma ya flaiwili. Miaka ya kutiwa maji matupu vinaliwa na kutu kutokea ndani mpaka vinatoboka.

Lakini kabla giaboksi haijashushwa, chukua kioo na tochi uangalie nyuma ya hedi, upande wa ukuta wa kabini, pamoja na hozi ya hita, manake maji yakivujia pale juu yanateremka nyuma ya bloku yanaingia kwenye nyumba ya flaiwili na kutokea kitundu kilekile. Juu kukiwa kukavu hata ikiwa na presha, basi ni welchi plagi na hakuna njia ya mkato, viti na sakafu vinatoka, giaboksi inatokea ndani ya kabini, flaiwili na nyumba yake vinafuata. Ukishafika huko weka ya shaba nyekundu au njano badala ya chuma, haili kutu, na za pembeni mwa bloku zibadilishwe siku hiyohiyo, ni umri mmoja. Ndio wakati wa kubadilisha na klachi kama imechoka, pamoja na hiyo sili ya krenki aliyoisema fundi.

SWALI: Fundi wa Nairobi kanitolea themostati kwenye Datsun 1200 akasema huku kwetu joto hatuihitaji. Ni kweli?

JIBU: Si kweli ndugu, irudishe. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, oili inakua na tope, petroli inaenda, na injini ambayo themostati yake inafunga pia njia ya pembeni ukiitoa sehemu ya maji hayapiti kwenye rejeta kabisa, kwa hiyo mlimani inaweza kuzidi kuchemsha. Na kwenu Nairobi maji yasiyo na presha yanachemka kama nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, ndio maana kitu cha kuhangaikia zaidi ni mfuniko wa rejeta, springi ikilegea presha haikai na maji yanachemka mapema. Nunua wenye namba ileile uliotoka na gari, usipandishe presha kutoka 0.9 kwenda 1.1 ukidhani unaongeza usalama, rejeta ya zamani iliyolehemiwa kwa risasi itaachia kwenye maungio.

Themostati ukitaka kuijaribu, mpya au ya zamani, ifunge uzi uining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka na kipimajoto. Ina namba imepigwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88, karibu na hapo ianze kufunguka mbele ya macho yako, na ukiitoa ikipoa ifunge yote. Isipofunga tupa.