Mpini wa upanga wa Kirumi kwenye jiwe: maswali ya wasomaji

Tangu tuchapishe makala ya mawe ya makaburi ya askari wa Roma, barua nyingi zimeuliza kuhusu silaha zilizochongwa pale. Tumechagua tano.

*Ndugu mhariri, kwenye picha nyingi upanga umo ndani ya ala, kinachoonekana ni mpini tu. Nianzie wapi kuutambua? (Msomaji, Morogoro)*

Anzia chini, pale mpini unapokalia mdomo wa ala, kisha panda juu. Gladiusi, upanga mfupi wa askari wa miguu wa karne ya 1 BK, ulikuwa na mpini wa vipande vitatu vilivyovishwa kwenye mkia wa chuma unaotoka kwenye bapa. Cha kwanza ni kikinga mkono cha mbao chenye umbo la nusu yai, kilichowekewa bamba la shaba kwa chini. Kinafuata kishikio, aghalabu cha mfupa, chenye pande sita au nane na mibonyeo minne ya vidole. Urefu wake ni kama sentimita 8. Juu kabisa kuna kirungu cha mviringo. Mkia wa chuma ulipenya vyote vitatu, na ncha yake ikagongwa mpaka ikatanuka juu ya kitufe kidogo cha shaba ili mpini usichomoke.

Kitafute kitufe hicho. Kwenye jiwe hutokea kama chuchu ndogo juu ya kirungu, na mchongaji asiyeijua silaha yenyewe hukisahau. Hesabu pia mibonyeo ya vidole: ikiwa minne, aliyechonga ana uhakika na kazi yake; ikiwa sita au saba, amejaza mapambo.

Wengi hukosea wanapotazama mpini na kutangaza kwamba upanga ni wa aina ya Mainz au aina ya Pompeii. Mipini ya aina hizo mbili inafanana mno. Tofauti iko kwenye bapa, kwa hiyo soma ala: ikienda ikipungua hadi ncha ndefu, ni Mainz, kingo zikienda sambamba na kuishia kwenye ncha fupi, ni Pompeii, iliyoingia katikati ya karne ya 1.

Tazama na ubavu. Askari wa kawaida wa wakati huo alivaa upanga kulia, akida aliuvaa kushoto. Marcus Favonius Facilis, akida wa lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) ya 20, anaonekana hivyo kwenye jiwe lake lililofukuliwa Colchester, Uingereza, mwaka 1868: fimbo yake ya cheo imo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umetua juu ya upanga.

*Nitatofautishaje mpini wa upanga na wa jambia wakati vyote viwili vinaning'inia kiunoni? (Msomaji, Mombasa)*

Tazama katikati ya kishikio. Jambia la Kirumi, pugio, lilitengenezwa kwa njia nyingine kabisa: mapande mawili bapa yaliyobana mkia wa chuma kwa misumari ya kugonga. Mpini wake kwa hiyo ni bapa, una uvimbe wa duara katikati, na kichwa chake ni kama nusu mwezi, au duara kwa yale ya zamani zaidi. Kirungu kama tufe hakipo. Jiwe zuri la kujifunzia ni la Annaius Daverzus, lililopo Bad Kreuznach, Ujerumani: mikanda miwili imepishana kiunoni, upanga kulia, jambia kushoto. Ukubwa usikudanganye, kwani wachongaji walikuza majambia ili mapambo yake yaonekane.

*Ninaishi London na nimeiona nakala ya plasta ya Nguzo ya Trajan, nguzo ya ushindi ya mfalme wa Roma, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Mbona askari wengi wamekunja ngumi tupu?*

Nguzo yenyewe, iliyozinduliwa Roma mwaka 113, ilichongwa huku silaha nyingi zikiachwa zichomekwe baadaye kwa metali. Metali imepotea, ngumi na matundu vimebaki. Mipini iliyochongwa kwenye marumaru ni ile iliyomo ndani ya ala, na hiyo ndiyo ya kuchunguza. Nakala unayoiona ni ya mwaka 1864, kwa hiyo imehifadhi nyuso za jiwe kabla moshi wa magari haujazila.

Kumbuka kipimo. Watu wa kwenye nguzo wana urefu wa kama sentimita 60 hadi 75, chini kidogo ya nusu ya mtu halisi. Mpini wa sentimita 17 unakuwa sentimita 6 au 7, na kirungu hakizidi sana upana wa kidole gumba. Hapo patasi haina nafasi ya kitufe wala mibonyeo. Kwa maoni yetu, jiwe moja la kaburi kutoka mto Rhine lina thamani kuliko mipini yote ya nguzo hiyo: kule mchongaji aliishi karibu na kambi, na familia au wenzake wa marehemu waliijua silaha.

Ukipiga picha, omba ruhusa, zima flashi, na subiri mwanga unaotoka ubavuni. Mwanga wa mbele hufuta mibonyeo yote. Piga kutoka kushoto na kulia. Mstari unaotokea upande mmoja tu huenda ni ufa.

*Upanga wenye pete badala ya kirungu ni wa lini? (Msomaji, Arusha)*

Hasa karne ya 2, ukiendelea hadi mwanzo wa karne ya 3. Umbo hilo Warumi walilipata kwa Wasarmatia, wapanda farasi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Pete ni ya chuma, na kishikio chake huwa chembamba. Usiichanganye na pete za kuning'inizia ala, ambazo ziko chini ya kikinga mkono.

*Sanamu ya watawala wanne iliyoko Venice ina mipini ya vichwa vya ndege. Je, ni mapambo ya mchongaji tu? (Msomaji, Bujumbura)*

La. Mipini ya kichwa cha tai ilitumika kweli kama alama ya cheo kikubwa. Sanamu hiyo ni ya mwaka 300 hivi, ya pofiri, jiwe la zambarau kutoka Misri, na ilichukuliwa kutoka Constantinople (Istanbul ya leo) baada ya mwaka 1204. Kipande cha mguu uliokatika kilipatikana Istanbul katika miaka ya 1960. Pofiri ni ngumu mno, ndiyo maana midomo ya tai ni minene. Umbo liamini, vipimo usivitegemee.

Kabla ya kuandika lolote kuhusu sanamu ya aina hii, kagua mahali vipande vilipoungwa. Mafundi wa karne ya 16 hadi 18 waliongeza mikono na silaha zilizokosekana. Hata vichwa vya mateka wa Dacia (Romania ya leo) kwenye Tao la Constantine, lango la ushindi lililoko Roma, ni kazi ya mchongaji Pietro Bracci ya mwaka 1732. Tafuta mstari mnyoofu kwenye kifundo cha mkono, rangi ya jiwe iliyobadilika ghafla, au kutu ya pini ya chuma. Ukiona kimojawapo, mpini ulioshikwa na mkono huo usiuhesabu.