Je, kupima presha bure kutaniletea wateja saluni?

SWALI: Nina saluni ya kiume Mbagala, viti vitatu, vinyozi wawili pamoja na mimi. Ijumaa hadi Jumapili hatupumui, lakini Jumatatu hadi Jumatano tunapata wateja wanne au watano kwa siku, na mtaani sasa kuna saluni nyingine tano. Natamani kufanya kitu kwa ajili ya jamii, kama kupima presha bure au kunyoa wanafunzi, ila mke wangu anasema nitamaliza mtaji. Kuna faida ya kibiashara hapo?

JIBU: Ndugu yangu, faida ipo, na shemeji naye ana hoja. Huduma ya jamii inayokuza saluni ni ile inayomrudisha mtu yuleyule kwenye kiti chako. Ya siku moja, yenye spika na mabango, wiki inayofuata imeshasahaulika.

Nianze na presha, maana hapo ushahidi upo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Los Angeles, Marekani, ukiongozwa na Dk. Ronald Victor. Walichukua wanaume weusi 319 wenye presha ya juu, wateja wa saluni 52. Kundi moja lilihimizwa na kinyozi kubadili mtindo wa maisha na kwenda kwa daktari. Kundi la pili lilikutana na mfamasia palepale saluni, akawapima na kuwaandikia dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 9 hivi katika kundi la kwanza, na 27 katika la pili. Waliobaki kwenye utafiti hadi hapo walikuwa asilimia 95.

Ona kilichofanya kazi: mteja alimwamini kinyozi wake, na mtaalamu akamfuata mteja pale alipozoea kukaa. Maneno ya kinyozi peke yake yalisaidia, lakini kidogo. Kwa hiyo usinunue kipimo ukaanza kupima mwenyewe. Nenda zahanati ya jirani, muone mganga mfawidhi, umwombe muuguzi Jumanne moja kila mwezi. Wewe toa kiti, kivuli na watu.

Siku hiyo zima redio. Mteja akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkanda wa kipimo juu ya ngozi na si juu ya shati, mkono umelazwa usawa wa moyo. Apimwe mara mbili. Kupiga soga wakati wa kupimwa kunapandisha namba, na saluni zetu tunazijua kwa soga. Mwenye 140/90 au zaidi apangiwe na muuguzi siku ya kurudiwa kipimo. Mwenye 180/120 au zaidi apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Namba ya mtu isitajwe mbele ya foleni. Ukivunja siri moja, mtaa mzima utajua, na utakuwa umempoteza mteja pamoja na kaka zake.

Sasa hofu ya shemeji. Kodi ya fremu unailipa hata kiti kikiwa tupu, kwa hiyo kunyoa bure Jumanne saa nne asubuhi kunakugharimu umeme kidogo, spiriti na jasho. Anayeumia ni kinyozi wako anayelipwa kwa kichwa. Hapa wenye saluni wengi hukosea: bosi anapata sifa, kijana anapoteza nusu siku. Mlipe fungu lake kwa kila kichwa cha bure, hata kama ni pungufu, na mkubaliane kabla. Kijana aliyenyoa bure kwa kinyongo, mteja anaisikia mashine kichwani.

Wanafunzi wape siku mbili za katikati ya wiki kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mwalimu mkuu akupe majina, usichague wewe nani maskini, na usipige picha za watoto kuweka mtandaoni. Mtoto mwenye mapunye mnyoe wa mwisho, kisha safisha meno ya mashine, toa nywele zote na utumie spiriti. Mwite mama yake pembeni umwambie ampeleke zahanati, kwa kuwa mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye shina la nywele. Mama uliyemwambia hivyo kwa upole atakuletea na baba wa mtoto. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko tangazo lolote.

Weka daftari. Kila mteja mpya muulize nani amemwelekeza, uandike tarehe, siku ya wiki na jibu lake. Anza wiki hii kabla ya muuguzi kuja, ili baada ya miezi 3 uwe na cha kulinganisha. Jumanne zikibaki na wateja wanne walewale, punguza siku za bure, ila ya muuguzi iache, maana kuna watu watakuwa wameanza kuitegemea.